Kwa nini jirani anayejua hunyamaza: ugaidi unavyoanza, na ugumu wa kuuzima

Februari 2015 polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha kwenye eneo la mapango ya Amboni, mwendo mfupi tu kaskazini ya jiji la Tanga. Mwanajeshi mmoja alifariki na askari wengine wakajeruhiwa. Kisa chenyewe kilianzia mjini: askari waliokuwa kazini waliporwa bunduki, na msako wa kuzitafuta ndio uliofika huko mapangoni. Kwa siku kadhaa, toka vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hadi vituo vya bodaboda vya Makorora, swali lilikuwa moja: wale ni majambazi au magaidi? Polisi walisema majambazi. Mtaani wengi walisema Al-Shabaab. Kila upande ulikuwa na sababu zake za kulipenda jibu lake, maana mji wenye bandari na watalii hautaki neno ugaidi liandikwe karibu na jina lake, na kijiweni nako habari ya jambazi wa kawaida hainogi.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei 2016, wakazi wanane wa Kibatini, pembezoni mwa jiji hilohilo, waliuawa usiku kwa kuchinjwa. Maelezo yaliyosikika zaidi wakati ule yalikuwa kwamba wauaji waliwashuku watu wa pale kuwa wanawapelekea polisi habari. Kibiti na Rufiji, mkoani Pwani, mambo yalikuwa yaleyale na kwa ukubwa zaidi. Kati ya 2016 na 2017 waliouawa huko walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa chama na askari. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa shambulio moja. Ukiipitia orodha ile kwa utulivu utaona wauaji hawakuwa wakipiga ovyo. Walikuwa wakimsaka mtu wa katikati: yule anayejua nani kahamia, nani katoweka, na nani karudi na pesa ambazo hakuna anayejua kazitoa wapi.

Huyo ndiye ninayetaka tumfuate. Mazungumzo mengi ya ugaidi huanzia juu, kwenye makundi, majeshi na mataifa makubwa, na hayo yote yana nafasi yake. Lakini kundi la kigaidi huishi au hufa kwa kutegemea kama jirani anayejua anasema au ananyamaza, na hatua nyingi zinazochukuliwa dhidi ya kundi hilo humzidishia kunyamaza.

Nani gaidi

Umoja wa Mataifa umejadili ugaidi kwa miongo mingi bila kukubaliana juu ya maana moja kamili. Sababu si uvivu wa wanasheria. Kila nchi ina adui ambaye ingependa aingie kwenye maana hiyo, na rafiki ambaye ingependa abaki nje. Nelson Mandela aliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kutiliwa shaka kwa ugaidi mwaka 2008, akiwa tayari amekwishakuwa rais na kustaafu. Wareno waliwaita wapiganaji wa uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, magaidi wakati Tanzania inawapa kambi na shule.

Hapa Tanga tuna mifano yetu. Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa Wajerumani alikuwa mhaini na mfanyabiashara wa watumwa, lakini vitabu vya shule vya leo vinamweka kwenye safu ya waliopinga ukoloni. Ukienda Amboni kutembea, waongoza wageni watakusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha mapangoni miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya Waingereza. Katika simulizi hiyo wanawapora wenye mashamba ya mkonge na kuwagawia maskini. Mgeni hucheka, hupiga picha, na hatoki pale akidhani amesikia habari za magaidi.

Kwa hiyo, wengine husema, neno hili halina maana, ni tusi la mwenye nguvu tu. Sikubaliani. Kipimo kipo, na kinakitazama kitendo zaidi ya mtu: je, wanaolengwa ni raia wasiobeba silaha, na je, wanauawa ili wengine walioona au kusikia waogope na kutii? Kwa kipimo hicho waliochinja Kibatini ni magaidi hata kama hawakuwa na bendera wala kiapo kwa kundi lolote la nje. Kwa kipimo hichohicho hata vita ya Abushiri haitoki safi yote, kwani wamisionari waliuawa Pugu Januari 1889. Mtu anaweza kuwa na haki ya kupigana na bado akafanya kitendo cha kigaidi, na serikali halali nayo inaweza kuwatia raia wake hofu ya aina ileile. Hilo la mwisho tutalikuta tena huko mbele.

Umaskini, dini, na kitu cha tatu

Ukiuliza kijiweni ugaidi unatokana na nini, utajibiwa umaskini au dini. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hakuna linalotosha.

Tuanze na umaskini. Kama njaa ingetosha kumfanya mtu awe gaidi, Tanga ingekwisha zamani. Mkonge ulipoanguka, mashamba yaliyokuwa yakilisha maelfu ya familia yaligeuka vichaka, viwanda vikafungwa, na vijana wa mji huu wakaenda kuendesha bodaboda, kuvua, au kutafuta maisha Dar es Salaam na Mombasa. Hawakuchukua bunduki. Upande wa pili, kati ya viongozi wa Al-Qaeda, Ayman al-Zawahiri alikuwa daktari wa upasuaji na Osama bin Laden mtoto wa tajiri wa ujenzi. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, shambulio lililoua watu 148, alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu wa serikali huko Mandera. Baba huyo alikuwa amekwisha kuziambia mamlaka kwamba mwanawe haonekani na kwamba anahofia amekwenda Somalia. Weka habari hiyo pembeni kidogo, tutaihitaji.

Dini je? Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliowahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya Afrika kama Al-Shabaab na Boko Haram. Wengi wao, asilimia 57, walikiri kwamba maandiko ya dini waliyodai kuyapigania hawayaelewi vizuri au hawayaelewi kabisa. Hili halimshangazi ustadhi yeyote wa madrasa hapa mjini. Kijana aliyekaa chuoni miaka kumi akisomeshwa kwa kina anajua wanavyuoni wanavyotofautiana, na huuliza maswali. Anayetekwa kirahisi ni yule aliyepata dini yake juzi, kupitia klipu ya dakika tatu kwenye simu.

Utafiti huohuo ulirudiwa na matokeo yake kutolewa mwaka 2023, na safari hii robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja kukosa kazi kuwa sababu yao kubwa. Dini ilikuja nyuma zaidi. Kila mwaka wa ziada wa shule ulionekana kupunguza uwezekano wa mtu kujiunga. Kwa hiyo umaskini umo ndani ya hadithi, lakini kama udongo tu.

Kitu cha tatu ndicho kinachonivuta mimi. Katika utafiti ule wa 2017, walipoulizwa ni tukio gani hasa lililowasukuma wavuke mstari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali: ndugu au rafiki aliyeuawa au aliyekamatwa. Tutafanya kosa tukisoma hapo kwamba serikali ndiyo inayozaa ugaidi. Wapo maelfu waliopoteza ndugu kwa njia hizo na hawajamgusa mtu. Lakini mwenye kutafuta wafuasi anajua aende msiba gani.

Maana kuna mwenye kutafuta wafuasi, na mara nyingi si mgeni. Ni binamu, ni mwenzako wa timu ya mpira, ni bosi mdogo anayekupa kibarua, ni mtu mliyezoea kuketi naye baada ya swala. Kwanza huja urafiki, kisha mkopo mdogo, kisha habari ya kazi nzuri Msumbiji au Somalia yenye mshahara ambao hapa hauupati. Maneno ya itikadi huja mwisho, pale kijana amekwishajitenga na wa kwao na hana wa kumuuliza. Dhuluma ya kweli au ya kusimuliwa huipa safari hiyo maana. Ukiondoa yule mtu anayekupeleka, malalamiko hubaki malalamiko, na ukiondoa malalamiko naye hupata kazi ngumu sana.

Cabo Delgado walisema mapema

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya Ruvuma. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana lilivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji wakawaita Al-Shabaab, ingawa wakati huo hawakuwa tawi la wale wa Somalia. Machi 2021 waliuvamia mji wa Palma, jirani na mradi mkubwa wa gesi, na mwezi uliofuata kampuni ya Total ikasimamisha kazi. Zaidi ya watu nusu milioni walikimbia makwao. Oktoba 2020 moto huo ulikwisha kuvuka mto na kufika Kitaya, mkoani Mtwara.

Udongo ulikuwepo. Cabo Delgado ni mkoa wa mbali na Maputo kwa kila maana, wenye watu wa Kimwani na Kimakua wanaoona nafasi nono zikienda kwa wengine. Rubi ziligunduliwa Montepuez mwaka 2009, na wachimbaji wadogo wakafukuzwa kwa nguvu ili kampuni ifanye kazi. Mapema mwaka 2017 maelfu waliondolewa, wakiwamo Watanzania wengi waliorudi mikono mitupu. Kampuni ya Gemfields baadaye ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya wenyeji ya kupigwa na kuuawa, bila kukiri kosa.

Lakini sehemu ninayotaka kuikalia ni nyingine. Miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza, masheikh na wazee wa misikiti ya mkoa ule waliona vijana wakijitenga. Waliingia msikitini na viatu, wakawakataza watoto kwenda shule ya serikali, wakajenga misikiti yao. Wazee walibishana nao, wakawafukuza, wakaenda kwa wakuu wa wilaya na polisi wakasema kuna hatari hapa. Baraza la Kiislamu la nchi lilionya. Baadhi ya vijana walikamatwa, wengine wakaachiwa, na kwa sehemu kubwa jambo lilichukuliwa kuwa ugomvi wa Waislamu wao kwa wao. Baada ya Oktoba 2017 ndipo serikali ikaamka, na ilipoamka ilifunga misikiti na kukamata watu kwa mamia, wakiwamo wa misikiti ya wale wazee waliokuwa wamepiga kelele.

Mzee wa namna hiyo akiona dalili kwa mara ya pili, ataenda kwa nani? Ndiyo maana niliomba habari ya chifu wa Mandera iwekwe pembeni. Alisema, na haikusaidia. Ukisikia maofisa wakilalamika kwamba jamii haitoi ushirikiano, uliza kwanza waliotoa walipata nini.

Daftari la mwenyekiti

Katika mtaa mmoja wa jiji hili kuna mzee aliyewahi kuwa mjumbe, na baadaye mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nilikwenda kwake kuuliza jinsi wapangaji wapya wanavyoandikwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, kaa."

Akanitolea daftari kubwa la mistari, gamba lake limeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Jina, alikotoka, kazi, nyumba ya nani, simu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimejaa, mwandiko wa kupendeza. Kadiri miaka inavyosonga mbele nafasi ya "kazi" inazidi kuandikwa neno moja tu: biashara. Nikamuuliza kama aliwahi kumtilia mtu shaka. Akacheka kidogo. "Wengi tu. Ila mwanangu, mimi nikishampeleka mtu kituoni, narudi kulala nyumba ya tatu kutoka kwao. Askari yeye anarudi kambini." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kinachomtisha zaidi ya kulipiziwa kisasi ni kukosea. Vijana walikamatwa hapo zamani kwa maneno ya watu, wakakaa ndani, wakarudi hawana hatia, na mama wa mmoja wao hamsalimii hadi leo.

Uzoefu wa kunyamaza tunao pia baharini. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilisifika vibaya kwa uvuvi wa baruti. Mlipuko unasikika mpaka ufukweni, samaki waliovunjika mifupa ndani wanaonekana mnadani, na kila mvuvi alijua nani anapiga na chombo chake kipi. Waliokuwa tayari kusema walikuwa wachache. Aliyeshitakiwa leo alionekana kesho kutwa akishusha ngalawa, na aliyemtaja akajikuta nyavu zake zimekatwa. Hali ilianza kubadilika pale vyombo kadhaa vya serikali vilipofanya kazi kwa pamoja na kesi zikaanza kufika mwisho. Wavuvi walewale hawakupata ushujaa mpya. Walichoona ni kwamba ukisema, jambo linaisha.

Kwenye ugaidi hesabu ya jirani ni ileile, ila mizani yake nzito zaidi. Upande mmoja yupo anayechinja. Mombasa, Juni 2014, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri, aliyepinga wazi siasa kali za vijana, alipigwa risasi karibu na msikiti. Upande wa pili ipo dola. Sheikh Aboud Rogo, aliyehubiri siasa kali hizo, aliuawa kwa risasi barabarani Agosti 2012, na Abubaker Shariff, maarufu Makaburi, akauawa Aprili 2014. Serikali ya Kenya ilikana kuhusika, lakini mtaani karibu kila mtu alikuwa na jibu lake, na baada ya kifo cha Rogo mji uliwaka ghasia na makanisa yakashambuliwa. Masheikh wa msimamo wa kati wakajikuta hawana pa kusimama. Ukimpinga Rogo, unaonekana unawashangilia waliomuua. Ukilalamikia kuuawa kwake, unaonekana mfuasi wake.

Kuna faida gani basi kwa gaidi kushambulia dola yenye nguvu kuliko yeye? Faida yake kubwa mara nyingi ni yale majibu. Baada ya mashambulio ya Nairobi na pwani, Aprili 2014 Kenya iliwazoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwajaza uwanja wa Kasarani. Kundi dogo lisiloweza kushinda vita linahitaji watu wengi wajione wanawindwa kwa ajili ya jina au kabila lao. Maiduguri, Nigeria, kiongozi wa Boko Haram, Mohammed Yusuf, alikamatwa Julai 2009 na kuuawa akiwa mikononi mwa polisi. Wengi walidhani habari imekwisha. Kundi lilirudi chini ya Abubakar Shekau likiwa katili mara nyingi zaidi, na miaka mitano baadaye likawateka wasichana 276 wa Chibok.

Ila tusijidanganye kwamba nguvu haifanyi kazi kamwe. Kibiti mauaji yalikoma baada ya operesheni kali mwaka 2017, na mkulima wa Bungu aliyeweza tena kulala nyumbani kwake hakuhitaji mhadhara wangu kuhusu haki za binadamu. Palma na Mocímboa zilikombolewa na majeshi, hasa ya Rwanda yaliyoingia Julai 2021, na semina za maridhiano zisingeweza kufanya kazi ile. Kukataa nguvu kabisa ni anasa ya anayeishi mbali. Gharama, hata hivyo, nazo ziandikwe. Watu waliripotiwa kutoweka Kibiti na hawajapatikana. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji yale, alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana tena. Baadhi ya waliokuwa wakisakwa wanaaminika walikimbilia kusini, ng'ambo ya Ruvuma. Tatizo lilihama, na huku nyuma ikabaki familia isiyojua kama ifanye matanga au iendelee kungoja.

Mashitaka yasiyo na dhamana

Tanzania ilianza kuonja ugaidi wa kimataifa tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zilipolipuliwa kwa wakati mmoja. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200, karibu wote Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia. Baada ya Septemba 11 na shinikizo lililofuata, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002.

Sheria ya namna hii ina mantiki yake. Kosa la kawaida hushitakiwa baada ya kutendeka; hapa ukingoja litendeke, watu wamekwisha kufa. Ndiyo maana inagusa maandalizi, mafunzo, fedha, hata kutoa hifadhi, na ndiyo maana mshitakiwa hapewi dhamana. Tatizo linaingia mlango huohuo. Kadiri unavyorudi nyuma kutoka kwenye kitendo kwenda kwenye nia, ndivyo ushahidi unavyopungua na tuhuma zinavyoongezeka. Bila dhamana, tuhuma peke yake inageuka adhabu.

Viongozi wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walishitakiwa kwa ugaidi Bara mwaka 2014. Kesi ilisogezwa mbele mwaka baada ya mwaka mpaka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashitaka alipoifuta. Julai 2021 ikawa zamu ya Freeman Mbowe, wakati ule mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Mashitaka yake yakafutwa Machi 2022. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu siasa za hao wote. Lakini kila kesi ya ugaidi inayokufa bila hukumu inamfundisha mwananchi kwamba mashitaka haya ni ya kisiasa, na siku ikifika ya kweli, hataamini. Hasara hiyo inamwangukia zaidi ofisa wa upelelezi anayefanya kazi yake sawasawa.

Marekani nayo ilijifunga kamba yake. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa kuhusika na milipuko ile ya 1998. Alifichwa kwenye magereza ya siri ya CIA, akahojiwa kwa mabavu, kisha Guantánamo. Alipofikishwa mahakamani New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania aliyedaiwa kuwa muuzaji wa baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na mahojiano yale. Ghailani akaachiwa katika mashitaka yote isipokuwa moja kati ya 285. Hilo moja lilimpa kifungo cha maisha, kwa hiyo wengine husema mfumo ulifanya kazi. Lakini zilikuwa zimebaki chembe tu. Mateso yalikuwa yameharibu ushahidi ambao polisi wa kawaida, wakienda kwa taratibu, huenda wangeufikisha mahakamani mzima.

Upande wa fedha nitapita haraka, ingawa ni mzito. Kundi haliendi bila pesa: Al-Shabaab hutoza ushuru barabarani, sokoni na bandarini, na kwa miaka mingi ilinufaika na mkaa, mpaka Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku mkaa wa Somalia mwaka 2012. Kuziba njia hizo ni lazima. Lakini njia zilezile zinapitisha pesa ya shangazi aliyeko Uingereza. Baada ya Garissa, Kenya ilifungia kampuni 13 za hawala, na familia zilizokuwa zikila kwa pesa hizo zikakaa bila kitu hadi zilipofunguliwa Juni. Wakati huohuo akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, HAKI Africa na MUHURI, zilifungwa kwa tuhuma za kuunga mkono ugaidi, na mahakama ikaja kuamuru zifunguliwe mwaka huohuo. Hayo ndiyo mashirika ambayo mzazi wa Likoni au Kwale angekimbilia mwanawe akipotea.

Waliorudi

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya kijana aliyekwenda na kurudi. Wapo waliodanganywa kazi, wakafika, wakaona, wakatoroka. Wapo walioua. Kwa nje wanafanana: wamekonda, hawaongei, usiku hawalali. Ukiwafunga wote kwa miaka mingi, walioko porini watasikia na hawatatoroka. Ukiwaachia wote, aliyeua anatembea mtaa mmoja na mjane wa aliyemuua. Na huyo anayejua njia, majina na anayesafirisha ndiye hazina kubwa ya upelelezi kuliko mtambo wowote wa kunasa simu.

Kenya ilijaribu. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, waziri wa usalama Joseph Nkaissery alitangaza msamaha kwa vijana waliotoka Somalia, akiwapa siku kumi kujisalimisha. Kwale, kaunti inayopakana na Mkinga yetu, baadhi walijitokeza. Mashirika ya haki za binadamu ya pwani yaliandika baadaye habari za waliorudi walioviziwa na kuuawa, wengine kwa mikono ya wenzao wa zamani waliowaona wasaliti, wengine wakichukuliwa na watu wasiojulikana. Habari hizo zinavuka mpaka wa Horohoro bila pasi. Lunga Lunga na Duga Maforoni ni ndugu, wanaoleana na kuzikana.

Chukua basi mzazi wa upande wetu ambaye mwanawe aliaga anakwenda Pemba kuvua, na miezi miwili baadaye ikaingia simu ya namba ya Msumbiji, sauti ikasema yuko salama, asitafutwe. Ana milango mitatu. Kituo cha polisi, ambako anaweza kusaidiwa, na anaweza pia kuwekwa chini yeye mwenyewe kwa kuwa na namba ile. Mwenyekiti wa mtaa, mwenye daftari na asiye na mamlaka ya kumwahidi chochote. Imamu, ambaye kuna uwezekano anaogopa kuliko yeye. Katika milango hiyo mitatu hakuna hata mmoja wenye mtu aliyepewa kazi ya kumwambia kwa maandishi kitakachompata kijana akirudi: atahojiwa na nani, kwa siku ngapi, wakili atakuwepo au la, na kipi kitamtenganisha aliyedanganywa na aliyeua. Nilimuuliza mzee wa daftari angemshauri nini mzazi wa namna hiyo. Alifikiri kwa muda, kisha akasema angemwambia abadilishe laini ya simu.